Kazi ya Ridhaa: Asili ya Mfumo Huru wa Kompyuta

Kila zana ina mambo mawili, matumizi yake na milki yake. Mkulima aliyenunua jembe huweza kulitumia apendavyo, na mpini ukivunjika hukata mti akatia mwingine bila ya kumwomba mhunzi idhini. Katika zana za zamani mambo hayo mawili yalikwenda pamoja, hata haikuwapo haja ya kuyatenga. Kompyuta ilileta zana ya namna nyingine. Mtu huweza kuinunua, akaiweka juu ya meza yake na kuitumia miaka kumi, na walakini sehemu iliyo muhimu kupita zote ndani yake isiwe yake. Sehemu hiyo ni mfumo endeshi, yaani programu kuu inayouamsha mtambo, inayogawa kumbukumbu yake, inayotunza mafaili, na kuzipa programu nyingine zote mahali pa kufanyia kazi. Asiyekuwa na haki yoyote juu ya mfumo endeshi wa kompyuta yake ni mpangaji katika nyumba aliyokwisha kuilipia.

Habari za watu waliokataa upangaji huo zastahili kuelezwa kwa utaratibu, maana wengi wao hawakuwa wafanya biashara wala watumishi wa serikali. Walikuwa watu wa ridhaa, waliofanya kazi kwa sababu waliipenda, na waliowashawishi wengine kwa sababu waliiamini. Husemwa mara nyingi kwamba mapenzi yao ndiyo yaliyowafikisha walikofika. Neno hilo ni kweli nusu. Mapenzi yaliianza kazi, sheria ikailinda, na mahali ilipokosa watunzaji wa kudumu kazi hiyo ilirudi nyuma, hata ikiwa sifa zake zilikuwa bado midomoni mwa watu.

Ugomvi wa kwanza uliojulikana sana baina ya watu wa ridhaa na wafanya biashara wa programu ulitokea Marekani mwaka 1976. Kompyuta ndogo iliyoitwa Altair 8800 ilikuwa imetoka mwaka uliotangulia, nayo iliweza kununuliwa kwa vipande vya kuunganisha. Wanunuzi wake wengi walikuwa wapenzi wa vyombo vya umeme, na huko California baadhi yao walikutana katika chama kilichoitwa Homebrew Computer Club, wakaonyeshana walichokitengeneza na kugawana walichokijua. Bill Gates na mwenzake Paul Allen walikuwa wameandika programu ya lugha ya BASIC kwa ajili ya Altair, na nakala zake zilienea mkono kwa mkono bila ya malipo. Tarehe 3 Februari 1976 Gates, aliyekuwa na umri wa miaka 20, aliandika barua ya wazi kwa wapenzi hao. Alilalamika kwamba chini ya asilimia 10 ya wenye Altair ndio walioinunua programu hiyo, akauliza ni nani awezaye kufanya kazi ya ustadi bila ya ujira.

Swali lile halikuwa la kudharauliwa. Programu nzuri hula miezi ya maisha ya mtu, na mtungaji wake naye hula chakula. Lakini jibu lilikuwa limekwisha kuanza kutolewa kwa vitendo. Jarida la People's Computer Company lilikuwa limechapisha muundo wa BASIC ndogo uliotungwa na Dennis Allison, na wasomaji wakaandika programu zao kwa kuufuata, wakazichapisha ili yeyote azisome na kuzitengeneza. Mmoja wao, Li-Chen Wang, aliandika juu ya programu yake ya mwaka 1976 maneno ya mzaha yaliyoigeuza nyuma mbele desturi ya kutangaza hakimiliki. Mzaha ule ulikuwa na maana kubwa kuliko ilivyoonekana siku hizo. Kasoro ilikuwa moja: mzaha si mkataba. Aliyechukua kazi iliyotolewa bure aliweza kuifunga na kuiuza kama mali yake, na mtoaji asiwe na la kusema.

Kasoro hiyo ilijidhihirisha vizuri katika habari za Unix. Mfumo huo ulianzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell, iliyokuwa ya kampuni ya simu ya AT&T. Kwa mapatano na serikali ya Marekani ya mwaka 1956, kampuni hiyo ilizuiliwa kuingia katika biashara zisizohusu simu. Kwa hiyo Unix ilitolewa kwa vyuo vikuu kwa malipo madogo, pamoja na msimbo chanzo wake, yaani maandishi ya programu kama yalivyoandikwa na mtungaji, ambayo binadamu aweza kuyasoma na kuyasahihisha. Wanafunzi wengi walijifunza elimu ya mifumo endeshi kwa kuyasoma maandishi hayo. Mwaka 1984 AT&T iligawanywa, kizuizi cha zamani kikaondoka, na Unix ikawa bidhaa yenye bei kubwa na masharti mengi. Kilichokuwa wazi kwa hisani kilifungwa kwa haki, na waliozoea kukisoma hawakuwa na mahali pa kushtaki.

Richard Stallman aliyaona mabadiliko hayo kutoka katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT. Hapo zamani mtambo wa kuchapia wa maabara ulipokwamisha karatasi, yeye na wenzake waliirekebisha programu yake ili iwape habari waliokuwa wakingojea. Ulipoletwa mtambo mpya wa Xerox, msimbo chanzo wake haukuja nao, na mtafiti aliyekuwa na nakala alikataa kuitoa, kwa kuwa alikuwa ametia saini ya kuificha. Jambo lilikuwa dogo. Karatasi tu zilikwama. Lakini Stallman aliona ndani yake kwamba mtu mwema alikuwa amefungwa kwa mkataba asimsaidie mwenzake. Tarehe 27 Septemba 1983 alitangaza nia ya kuandika mfumo mzima ulio huru, akauita GNU. Mwaka 1984 aliacha kazi yake MIT ili chuo kisije kikaidai milki ya atakachokiandika, na mwaka 1985 akaanzisha shirika la Free Software Foundation.

Mchango wake mkubwa kuliko programu alizoziandika ulikuwa leseni. Mwaka 1989 alitoa leseni ya umma iitwayo GPL, na toleo lake la pili likafuata mwaka 1991. Leseni hiyo haikuitupa hakimiliki, iliitumia. Ilisema kwamba kila mtu ana ruhusa ya kuitumia programu, kuisoma, kuibadilisha na kuwagawia wengine, hata kwa kuuza, kwa sharti kwamba akiigawa, iwe imebadilishwa au haikubadilishwa, ampe mpokeaji msimbo chanzo na uhuru uleule aliopewa yeye. Sheria iliyotumika kufunga milango ilitumiwa hapa kuizuia isifungwe. Basi mzaha wa mwaka 1976 ulikuwa umepata meno.

Kufikia mwaka 1991 GNU ilikuwa na karibu kila kitu: vyombo vya kuandikia, vya kutafsiria msimbo kuwa lugha ya mtambo, na vya kupangia mafaili. Ilipungukiwa na kiini, yaani sehemu ya ndani kabisa inayozungumza na mtambo wenyewe. Kiini kilitoka mahali kisikotazamiwa. Mwezi Januari mwaka huo Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini, alijinunulia kompyuta yenye kichakato cha Intel 386. Aliitumia pamoja na Minix, mfumo mdogo uliotungwa mwaka 1987 na Andrew Tanenbaum, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Vrije cha Amsterdam, kwa ajili ya kufundishia. Msimbo wa Minix ulisomeka, lakini leseni yake haikuruhusu kuugawa ovyo, na mwalimu hakutaka ukue mno, asije mwanafunzi akashindwa kuumaliza katika muhula mmoja. Torvalds alitaka zaidi ya hayo. Alianza kwa programu ya kuungana na kompyuta ya chuo kwa njia ya simu. Akaiongezea hili na lile, mpaka akaona kwamba alichokuwa nacho kilikuwa kinageuka kuwa mfumo. Tarehe 25 Agosti 1991, akiwa na umri wa miaka 21, aliwatangazia watumiaji wa Minix kwamba alikuwa akiandika mfumo endeshi huru, akawaambia kuwa ni kazi ya kujifurahisha tu, isiyotazamiwa kuwa kubwa kama GNU.

Mwezi Septemba toleo la kwanza lilikuwa tayari. Leseni yake ya awali iliamuru msimbo chanzo utolewe, lakini ilikataza kabisa kutoza fedha, hata gharama ya kunakili. Sharti hilo lilionekana kuwa la ukarimu, kumbe lilikuwa kikwazo. Watu wengi hawakuwa na njia ya kuupata mfumo ila kwa diski, na aliyetaka kuwanakilia wenzake hakuruhusiwa hata kurudishiwa bei ya diski. Mapema mwaka 1992 Torvalds aliliacha sharti hilo akaichukua leseni ya GPL. Hapo kiini cha Helsinki na vyombo vya GNU vilikutana chini ya sheria moja. Mtu aliweza kuuza diski akapata riziki, mwingine akaweza kunakili diski hiyohiyo bila ya kulipa, na hapana kati yao aliyeweza kumfungia mwenzake mlango. Swali la Gates lilipata jibu ambalo mwenye kuuliza hakulitazamia: ujira na uhuru si maadui, maadam kinachouzwa ni kazi ya mikono wala si kufuli.

Jina la Linux halikutukuka bila ya upinzani. Mwezi Januari 1992 Tanenbaum mwenyewe aliandika hadharani kwamba muundo wa kiini hicho ulikuwa wa kizamani, kwa kuwa kilijengwa kama jiwe moja badala ya vipande vilivyotengwa, na kwamba kilifungamana mno na kichakato kimoja. Kwa kanuni za elimu hoja zake zilikuwa na uzito. Lakini Torvalds alikuwa na sifa moja isiyoandikwa katika vitabu vya muundo: aliyapokea masahihisho kutoka kwa yeyote aliyethibitisha kuwa yanafaa, na akatoa matoleo mapya upesi. Bahati nayo ilimsaidia. Mifumo huru iliyotokana na Unix ya Chuo Kikuu cha Berkeley, iliyokuwa imekomaa kuliko wake, ilitiwa mashakani na kesi ya hakimiliki iliyoanza mwaka 1992 na kumalizika mwaka 1994. Tarehe 14 Machi 1994 lilipotolewa toleo la 1.0 la Linux, lenye mistari ya msimbo ipatayo 176,000, halikuwa tena kazi ya mtu mmoja.

Kiini peke yake hakimfai mtu asiye fundi. Palihitajika watu wa kukikusanya pamoja na programu nyingine na kuvifanya kitu kimoja chenye kutumika. Mwaka 1993 Patrick Volkerding alitoa mkusanyo wa Slackware, na mwezi Agosti mwaka huohuo Ian Murdock, aliyekuwa mwanafunzi, akaanzisha Debian. Hapo ndipo alipotokea mtu ambaye historia humtaja mara chache: mpenzi wa kawaida asiyeandika kiini wala leseni, lakini aliyeujaribu mfumo nyumbani kwake usiku, akabadili diski moja baada ya nyingine, akatafuta sababu ya kompyuta kutotoa sauti au kutoonyesha rangi, kisha akaandika maelezo ili ajaye nyuma asihangaike. Watu wa namna hiyo walikutana siku za mapumziko katika vyuo na kumbi, wakawasaidia wageni waliokuja na kompyuta zao. Walikuwa walimu wasio na mshahara na watangazaji wasio na kampuni.

Utangazaji wao ulikuwa na aibu zake pia. Waswahili husema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wapenzi wengi walishika mawazo ya namna hiyo, wakadhani kwamba ubora wa mfumo wao ungetosha kumvuta kila mwenye akili, na asiyevutika wakamwona mjinga. Hawakuzingatia kwamba kompyuta nyingi ziliuzwa zikiwa na Windows ndani tayari, hata mnunuzi hakuona kuwa amechagua kitu. Kizuri kisichowekwa dukani hakijiuzi, na mgeni aliyekaripiwa kwa swali lake la kwanza aghalabu haulizi la pili.

Hata wenyewe kwa wenyewe hawakukosa ugomvi. Mwaka 1996 Matthias Ettrich wa Ujerumani alianzisha KDE, mradi wa kumpa mtumiaji wa Linux madirisha na vitufe vya kupendeza. Kazi ilikwenda vizuri, lakini ilijengwa juu ya maktaba ya programu iitwayo Qt, mali ya kampuni ya Norwei, ambayo leseni yake haikuwa huru. Mwaka 1997 Miguel de Icaza na Federico Mena wa Meksiko walianzisha mradi mwingine, GNOME, ili pawe na meza isiyo na deni hilo. Mwaka 2000 Qt ilitolewa chini ya GPL, na sababu ya ugomvi ikaisha. Miradi miwili ikabaki. Wako wanaoona hapo nguvu iliyogawanyika bure. Lakini kama GNOME isingaliundwa, kampuni ile isingalikuwa na sababu kubwa ya kulegeza masharti yake. Mgawanyiko ulimchanganya mgeni, na papo hapo ukaulinda uhuru aliokuja kuutafuta.

Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa mkusanyo mpya uliotokana na Debian, akauita Ubuntu. Jina hilo ni la lugha za Kinguni, nalo ni ndugu wa neno la Kiswahili utu. Shina ni moja. Shuttleworth alikuwa tajiri, akatumia mali yake kupeleka santuri za mfumo huo bila ya malipo kwa yeyote aliyeziomba, na huduma hiyo ilidumu mpaka mwaka 2011. Alichokiongeza zaidi ya ukarimu ni utaratibu: matoleo kwa tarehe zinazojulikana, na ahadi ya kuyatunza kwa muda uliotajwa. Mtu wa kawaida akapata mfumo huru ambao hakulazimika kuwa fundi ili auweke.

Kama mapenzi na sheria vingalitosha, mambo yangalimalizika hapo kwa ushindi. Majaribio makubwa matatu yaonyesha kwamba havikutosha. La kwanza ni la mji wa Munich, Ujerumani. Mwaka 2003 baraza la mji liliamua kuacha Windows, ijapokuwa Steve Ballmer, mkuu wa Microsoft, alikwenda mwenyewe kumwona meya. Kazi ilichukua karibu miaka kumi, na kufikia mwaka 2013 kompyuta zipatazo 15,000 zilikuwa zikitumia Linux. Walakini mwezi Novemba 2017 baraza liliamua kurudi katika Windows, na mwaka 2020 mapatano ya vyama vilivyoingia madarakani yakarudisha tena nia ya kupendelea programu huru. Mfumo ulikuwa uleule. Kilichobadilika kila mara ni nia ya wakubwa. La pili ni la jeshi la polisi la Ufaransa liitwalo Gendarmerie. Hilo lilianza mwaka 2005 kwa kubadili programu za kuandikia, likaendelea na programu ya kusomea kurasa za intaneti, na baada ya watumishi kuzizoea ndipo lilipoanza kubadili mfumo wenyewe, kuanzia mwaka 2008. Makumi ya maelfu ya kompyuta yalihama bila ya kelele. Mji ulipitisha azimio na kulibishania. Jeshi lilijenga mazoea na kuyatunza.

Jaribio la tatu lilikuwa Dar es Salaam, nalo lawahusu wasomi wa Kiswahili kuliko yote mawili yaliyotangulia. Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikisaidiana na washauri wa Sweden, ilianzisha mradi wa Kilinux, na mwaka 2004 ikatoa Jambo OpenOffice, mkusanyo wa programu za ofisi uliozungumza Kiswahili. Haikumwomba mwenye mali idhini, kwa sababu leseni ilikuwa imekwisha kuitoa kwa kila mtu. Katika programu iliyofungwa lugha huingia siku mwenye mali akiona faida ya kuiingiza. Microsoft nayo ilitoa baadaye Kiswahili katika Windows. Lakini uamuzi ule ulikuwa wake, na wasemaji wa lugha wangaliweza kuusihi tu.

Kazi hiyo ilionyesha pia uzito wa uhuru. Kuitafsiri programu ya ofisi ni kuyatafutia maneno maelfu ya amri na maonyo, katika lugha ambayo hata mtambo wenyewe una majina matatu, kompyuta, tarakilishi na ngamizi, na kila jina lina watetezi wake. Tena programu haisimami kama kitabu. Kila toleo jipya huleta maneno mapya, na tafsiri isiyofuatiliwa huchakaa kama paa lisiloezekwa upya, mpaka mtumiaji akakuta nusu ya dirisha imesema Kiswahili na nusu imesema Kiingereza. Fedha za mradi huwa na mwisho, matoleo hayana. Haki ya kuutia Kiswahili ndani ya mfumo huru haikufungwa na hapana awezaye kuifunga. Linaloweza kukosekana ni mikono.

Akitazama mbali, mtu huona kwamba mchezo wa mwanafunzi wa Helsinki umeenea duniani. Tangu mwezi Novemba 2017 kompyuta zote 500 katika orodha ya zile zenye nguvu kuliko zote ulimwenguni zimekuwa zikitumia Linux, na kiini hichohicho ndicho kilichomo ndani ya simu za Android, zilizoanza kuuzwa mwaka 2008. Lakini juu ya meza ya mtu wa kawaida Linux imebaki chombo cha wachache. Tena mwenye simu ya Android anacho kiini huru mkononi, na aghalabu hawezi kukibadilisha, kwa kuwa milango mingine imejengwa kukizunguka. Kuenea kwa programu na kuenea kwa uhuru wake ni mambo mawili, na la kwanza limelipita la pili.

Kwa hiyo sifa ya watu wa ridhaa yataka kuwekwa mahali pake. Hawakuleta programu ya bure tu. Bure ilikuwapo kabla yao na ikaibwa. Waliacha haki iliyoandikwa, ambayo haikufa mradi ulipokwisha, baraza lilipobadili nia, wala mtungaji alipochoka. Haki hiyo haimtafsirii mtu neno wala haimrekebishii kosa. Katika vyuo vya Afrika ya Mashariki, ambako Kiswahili hufundishwa katika chumba kimoja na kompyuta katika chumba cha pili, msimbo wa mfumo huru uko wazi kwa vyumba vyote viwili, na tafsiri iliyoanzwa mwaka 2004 yahitaji watu wa vyote viwili. Mwanafunzi wa lugha anayo maneno asiyokuwa nayo mwenzake, na yule mwenzake ajua mahali pa kuyatia. Wakikutana, hakuna mwenye mali wa kumwomba ruhusa. Wasipokutana, hakuna mwenye mali wa kumlaumu.